Ubao Wenye Pande Mbili

Jumanne, 3 Juni

Aibu. Naanza na neno hilo kwa sababu limenikaa kooni. Baba mkwe alipita jioni, akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa, akaomba maji. Maji! Tangu nimwoe binti yake hajala kwangu hata punje. Kila akija, ameshiba. Kwa mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, hula mpaka analegeza mkanda.

Mke wangu alimsindikiza baba yake, akarudi macho mekundu. Akasema siku baba akila hapa, japo kidogo, ndipo atajua ametukubali. Nikamwambia aniachie mimi. Akaguna.

Fainali ya mpira ni Jumamosi. Nimemwalika mzee. Amekubali, ila mwanyumba naye aje. Ala!

Alhamisi, 5 Juni

Wazo! Ubao wa vitafunio, umepangwa kama uwanja wa mpira. Mzee alikuwa refa enzi zake. Hata kwenye harusi yetu alikuwa akitazama saa wakati wa hotuba. Nimeng'oa rafu ya kabati la nguo. Nilitaka kuipaka kijani kwa rangi ya dukani (nauza rangi), mke wangu akauliza kama nimeamua kumuua baba yake moja kwa moja. Basi, letusi ndiyo nyasi. Mistari ni jibini iliyokunwa. Magoli ni vijiti vya meno. Nguo zetu ziko sakafuni, lakini kazi ni kazi.

Ijumaa, 6 Juni

Hapa ndipo shetani aliponipitia. Vitu vizuri havikutosha rafu nzima. Muungwana angetafuta ubao mdogo. Mimi nikamkumbuka mwanyumba, anavyoniita "kijana" ilhali nimemzidi umri.

Hivyo basi: upande wa mzee, korosho, vipande vya kuku, zabibu. Upande wa mwanyumba, bisi za juzi, biskuti zilizolegea tangu kopo lipoteze kifuniko, na mkate uliokauka hadi unagongeka kama mlango. Juu nikatawanya karoti zilizochongwa maua. Kwa macho huwezi kujua upande upi ni mbovu.

Mke wangu kapita, kaona, kanishika bega. Akasema kumbe nikitaka naweza. Nilijisikia vibaya. Sikubadilisha kitu.

Jumamosi, 7 Juni

Kipindi cha kwanza, shwari. Mzee hakugusa kitu. Mwanyumba alitafuna mkate wangu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikamsogezea mwingine, karibu sana, jisikie nyumbani! Nilicheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Mapumziko. Mzee akakohoa. Akatabasamu! Sikujua kama ana meno mengi vile. Akasema uwanja huu kaupenda, na kwa kuwa ni uwanja, sheria ni sheria: timu zibadilishane magoli. Akaushika ubao kwa mikono miwili, akauzungusha.

Nilisema hapana kwa sauti iliyoamsha mbwa wa jirani. Nikasema meza ina mguu mbovu. Nikasema letusi itamwagika. Mzee akasema refa habishiwi. Kisha akala.

Alikula! Mke wangu akajiziba mdomo kwa furaha, machozi yakimlenga. Mimi ndiye niliyejua baba yake anatafuna nini. Alitafuna polepole, akanywa maji, akatafuna tena. Akasema chakula kizuri, ahsante mwanangu. Ndipo mke wangu naye akachukua biskuti. Niliona uso wake ukibadilika. Akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke, nayo haikunisaidia.

Mwanyumba alikuwa ameshaonja korosho. Akaelewa. Nikangoja aniumbue. Badala yake akachota korosho na kuku, akamwekea mzee mbele, akasema yeye korosho humsumbua tumbo. Uongo! Korosho anazila mchana na jioni. Angenitukana ningepumua. Nani kashinda fainali, sijui.

Jumapili, 8 Juni

Mke wangu kasema jambo moja tu tangu jana. Kwamba baba aliiona faulo tangu alipouma mara ya kwanza, akaacha mchezo uendelee kwa ajili ya binti yake. Nilijifungia bafuni. Nililia, naandika hivyo bila kujificha.

Nimekwenda kwa mwanyumba kumwomba radhi. Akasema yameisha, kijana, karibu chakula. Nilikula. Kila tonge lilishuka kama kokoto, na chakula kilikuwa kitamu, hilo ndilo liliniuma zaidi.

Jumatatu, 9 Juni

Mzee kapiga simu. Atakuja mechi ijayo, kula kwa binti yake. Mke wangu kacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, kisha akanitaka niape: hila basi. Nimeapa, mkono kifuani, na nilimaanisha.

Nimetubu kweli. Mchana kutwa dukani nimelitafakari kosa langu, wateja wakisubiri rangi zao, na hatimaye nimelipata. Ubao ulikuwa mstatili! Mstatili una pande, na pande hubadilishwa. Seremala ameshaanza kunichongea wa duara, unaozunguka wenyewe, na breki ndogo kwa chini, karibu na goti langu.