Malalamiko Juu ya Vita Vilivyotundikwa Sebuleni

Mlali, Kongwa.

Kwako mwanangu Daudi,
Ofisini, Dodoma.

YAH: VITA ULIVYOTULETEA KRISMASI

Bwana asifiwe mwanangu. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu. Baba yako Matonya ni mzima, mgongo unamsumbua ila mdomo haujachoka. Bibi yako ni mzima, anakula. Mbuzi wamezaa. Dada yako Penina ni mzima wa mwili, wa moyo nitaeleza. Mkeo Zipora hajambo? Wajukuu zangu wanavaa sweta asubuhi? Upepo wa Dodoma haumjui mtoto wa mtu.

Nimeandika kiofisi, na YAH juu, kwa sababu nikipiga simu unasema uko kwenye kikao.

Shida ni ile picha ya kizamani, ya merikebu za vita zinazopiga ngome kando ya ziwa. Ulisema ni ya kihistoria, ukapiga msumari, ukarudi kazini. Sasa nalalamika kama ifuatavyo.

1. Ngome ile ni tembe. Sisemi mimi, anasema baba yako. Kuta nene, paa bapa, vidirisha vidogo, basi ni nyumba ya Mgogo, na wanaopigwa ni ndugu zetu. Nikamwambia Mgogo gani alijenga ziwani. Akasema huyo alihamia.

2. Wazee wenzake wanakuja kila siku kuwasaidia waliozingirwa. Uwele umemezwa na majani, palizi imesimama, wao wanabishana ng'ombe walitolewa kwa mlango gani, maana kwenye picha hawaonekani, na tembe bila ng'ombe haijapata kuwepo. Chai nachemsha mimi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Unamjua Erick, fundi umeme wa kule uwanja mpya wa ndege Msalato, anayetaka kumuoa Penina. Kwao ni Bukoba. Walikuja kuposa, baba yake mzee Bartolomayo na shangazi yake Paskazia. Nikachinja kuku. Mzee yule kabla hajakaa akaiona picha. Mtu wa ziwani, akawasifu wenye merikebu, akasema hawa maji wanayajua, ila wa ngome walijenga ovyo, mtu mwenye akili haelekezi mlango ziwani. Baba yako akaweka kikombe chini, akamuuliza amekuja kuoa au kubomoa. Angekuwa Msukuma au Mnyamwezi, mtani wetu, tungecheka mpaka jioni. Na watu wa Bukoba utani hatuna, kila neno likaingia lilivyo. Mzee Bartolomayo akajibu kwamba asiyejua kuogelea asimfundishe mtu wa ziwani vita vya majini. Baba yako akasema binti yake haendi kwa watu wanaopiga tembe ya mwenzao mizinga. Wakaondoka. Kuku akabaki, na posa ikabaki.

4. Habari zimefika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Amependekeza mchango, kila kaya debe moja la mtama kwa ajili ya waathirika wa ziwani. Nikamwambia hao wamekufa siku nyingi. Akasema basi iwe rambirambi.

5. Penina anaigeuza picha itazame ukuta, baba yake anaigeuza itazame watu. Jana nimemkuta Penina anatwanga kinu kitupu. Mimi ni mama, kinu kitupu nakielewa.

Kwa hiyo naomba urudi kwa aliyekupa picha hiyo, umwambie mchoraji, au wanawe kama hayupo, atuchoree ya siku ya pili yake, merikebu zimeondoka na wazee wa pande zote wamekaa wanakunywa kitu. Akishindwa, aongeze ng'ombe wachache kwenye hiihii, wakitokea mlango wa nyuma, labda baba yako atatulia. Yote yakishindikana, njoo Jumamosi uing'oe mwenyewe. Nikiigusa mimi nitaambiwa nimehamia kwa adui.

Msalimie Zipora, watoto, yule mlinzi wa ofisini kwenu aliyenipa kiti, na bosi wako mwenye vikao.

Ni mimi mama yako, mwenye malalamiko,
Mama Daudi.

Nyongeza: Usije kuing'oa. Mzee Bartolomayo amepiga simu, kuna hoja aliisahau, anakuja Jumamosi na ndugu zake wawili kuimalizia. Baba yako amefurahi kuliko Krismasi, ananituma nitafute jogoo. Penina anasema picha ikitoka hawa hawana sababu ya kurudi, na ya mahari yatasemwa wakivuta pumzi katikati ya ubishi. Halafu leo nimeifuta vumbi, nikaona nyuma ya ngome, mbali na moshi wa mizinga, kuna kamoshi kembamba kanapanda. Huo ni wa jikoni, mimi moshi wa jikoni siukosei. Kuna mama anapika mle ndani. Uliza huko ulikoitoa kama aliwahi kutoka, na unijibu upesi.