Mbuzi Wawili kwa Ajili ya Maziwa

Elisabethville, Aprili 1962

Kwa Baba Casimir, msemaji wa ukoo wa Ngalula

Baba yangu mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, hata tumbo sasa, ingawa ndilo linalonifanya nikusumbue. Ni mimi Kalaba, yule aliyekuja Jumapili kumposa Ngalula akaondoka na faini: mbuzi wawili, mmoja kwa kila sauti iliyosikika sebuleni mbele ya mama mkwe. Umesema pasipo mbuzi hakuna ndoa. Nanyi mnajiandaa kurudi Kasai kabla ya baridi, na Ngalula asipoolewa atakwenda nanyi. Basi naomba usome malalamiko yangu ukiwa umekaa, na ikiwezekana ukiwa hujanywa maziwa.

1. Nilikuja kuposa, sikuja kunyonya. Ndugu yako Clément, baba yake Ngalula, anaamini nyumba ya watu waliostaarabika hujulikana kwa maziwa mezani. Wakati wa Wabelgiji alipewa kadi ya ustaarabu baada ya wakaguzi kuchungulia hadi chooni mwake, na tangu hapo hajampa mgeni chai kavu, isiyo na maziwa. Mimi alinijazia bilauri ya maziwa ya unga, yale yanayopita mpakani Mokambo kutoka Rhodesia. Mkwe hakatai. Nikanywa. Akaongeza. Nikanywa tena, huku natabasamu.

2. Tumbo halikuniomba ruhusa. Baba, Katanga nzima imejitenga na serikali ya Léopoldville, ina bendera yake na stempu zake, na watu wanaipigia makofi. Tumbo langu likijitenga na mimi kwa nusu saa tu, natozwa mbuzi! Nilibana kila kinachobanika. Nilimwomba Mungu, nikatamani hata wanajeshi wa ONU, hao wa Umoja wa Mataifa, waingilie kati, maana wao huingilia kila kitu.

3. Shangazi wa pale nyumbani alisema nimelogwa. Ngalula, ambaye huwasaidia wakunga, alicheka akaniambia: « Kalaba, tumbo yako haiko mugonjwa. Iko ya muntu mukubwa, ilisha kusahau maziba. » Anasema mtoto mchanga ameumbiwa maziwa, lakini wengi wetu tukikua tumbo linaacha kazi ile, maziwa yanabaki humo yanachacha, na kinachochacha hutoa upepo, nao upepo hutafuta mlango. Hakuna cha dawa wala mganga. Unakunywa chai kavu. Ukiyatamani maziwa sana, unakunywa kidogo pamoja na bukari, ugali wetu, siyo juu ya tumbo tupu, au unangoja yagande, maana yaliyoganda hayana fujo nyingi. Nimeyaacha tangu siku ile na tumbo limetulia kama shule wakati wa likizo. Nampenda Ngalula kwa hilo, Baba, na kwa mengine mengi.

4. Sasa lililo zito. Sauti ya kwanza nakiri ni yangu. Ya pili ilitoka dirishani, kwenye kiti cha Mama Mujinga, mama yake Ngalula, ambaye naye alikuwa amemaliza bilauri yake. Mimi nilikaa mlangoni, mbali naye, kama heshima inavyotaka. Nadai uchunguzi. Viti virudishwe mahali pake, maziwa yagawanywe upya, ukoo wote unywe, nasi tukae kimya tusikilize.

5. Nikishindwa, basi mbuzi walipwe na mkosaji mwenyewe. Ng'ombe wa Rhodesia aitwe hapa ajieleze.

Nisalimie Baba Clément, shangazi wote, majirani waliosikia na wale waliosimuliwa tu.

Mimi mkwe wako mtarajiwa, mwenye hatia moja tu,

Kalaba

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, Ngalula akaingia analia. Anasema tangu Jumapili mama yake hatoki nje, hali chakula pamoja na wenzake, na ameapa siku ya harusi atabaki chumbani. Maziwa ameyapiga marufuku nyumbani. Ngalula hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Baba, namba ya nne nimekosea. Karatasi ni adimu siku hizi, ndiyo maana sikuandika upya. Namba hiyo ikate wewe mwenyewe, na usimsomee mtu. Sauti zote mbili zilikuwa zangu. Na kama kuna anayekumbuka ya tatu, ni yangu pia. Mbuzi wawili wanafika Jumamosi. Mwambie Mama Mujinga aje harusini, akae mbele kabisa. Kwangu chai itakuwa kavu kwa wote.