Antene Iliyopata Ishirini Juu ya Ishirini

Waheshimiwa wakubwa wa utawala, Papa Chefu wa lokalite, Papa Padri na Papa Pasta, wanachama wa Klabu ya Redio Amateri ya Lushebere, mama zetu wa soko, wageni mliotoka Sake na vumbi lenu, na mimi mwenyewe, Akilimali Émile, Prezida wa Komite ya Evaluasyo ya Antene Zenye Kelele Ndogo kwa Parsele Ndogo, kila mtu kwa cheo na sifa zake, protokole yote ikiwa imeheshimiwa: naomba mkae. (Wenye viti wanakaa.)

Kama mnavyofahamu, na asiyefahamu nitamfahamisha, fonie ndiyo redio yetu ya kuongea na ndugu walio Pinga, kule ambako simu haishiki. Mnafahamu pia kwamba parsele zetu, viwanja vya nyumba zetu, ni ndogo, mbuzi akigeuka tu amekwisha kuingia kwa jirani, na kila jirani ana konvertisere ya kuchaji simu za watu, ambayo inatia mkwaruzo katika redio hata mtu anayesema "nimefika salama" anasikika kama anakaanga samaki. Ndiyo maana komite yangu, kwa ujasiri ambao sipendi kuusifu mwenyewe, ingawa sijaona mwingine wa kuusifu, ilianzisha evaluasyo ya kisayansi, shirikishi, jumuishi na yenye durabilite. (Makofi kutoka kiti cha komite.)

(Mama Drocella anasimama katikati ya watu: "Papa Prezida, mutoto wangu Estelle iko Pinga, mimba ilikuwa imetimia. Leo njo siku yetu ya fonie. Nitamusikia saa ngapi?")

Swali zuri sana, Mama Drocella. Jibu lake liko mbele katika hotuba. Kaa, mama.

Metodoloji yetu ilikuwa moja: antene yenye kelele kidogo ndiyo yenye maksi nyingi. Ya kwanza ilikuwa waya wa Papa Floribert, fundi wetu wa fonie, uliotoka kwenye paa la parokia hadi kwenye mwavokado. Huo ulitoa mkwaruzo, na juu ya mkwaruzo ukaongeza sauti za watu wa Pinga, ambazo kwa mujibu wa metodoloji nazo zilihesabiwa kuwa kelele. Ulipata sita juu ya ishirini. (Floribert anajishika kichwa.) Ya pili ilikuwa duara la waya juu ya mianzi, kazi ya Dada Nicole, linaloenea hata katika parsele ya mjane. Mkwaruzo ulipungua sana, lazima tukubali, ila mtu mmoja wa Walikale alisikika wazi akiulizia bei ya chumvi, kwa hiyo maksi kumi na moja.

Lakini antene ya tatu, ndugu zangu! Antene ya kisasa! Tuliisikiliza asubuhi nzima na haikutoa hata pumzi. Haikuchukua nafasi katika parsele, haikugusa mpaka wa jirani, upepo wa Masisi haukuitikisa, mbuzi hawakujikwaa. Asilimia mia moja ya wanakomite waliipa ishirini juu ya ishirini, na Jumamosi, katika salongo, kazi yetu ya pamoja, mlitusaidia kwa mikono yenu kuushusha waya wa Floribert na kulikunja duara la Nicole ili kuipisha antene bingwa.

(Mama Drocella, amesimama tena: "Ile waya ilikuwa na makelele, njo kweli, lakini mu ile makelele njo nilikuwa nasikilaka mutoto wangu! Sasa roho yangu iko juu juu, sijue kama iko muzima!" Watu wanaguna. Floribert anaondoka na ngazi. Wanaume wa salongo wanamfuata.)

Naona vijana wameanza kuondoka kwa hamu ya utekelezaji. Safi kabisa. Nikielekea mwisho, nawashukuru wanakomite kwa kikao chenye mishikaki, na namshukuru Papa Ngabo, mwenye duka la Sake, aliyetuhakikishia kwamba antene hiyo ya tatu ataiagiza mara tu tutakapomwambia inaitwaje, maana sisi wenyewe hatujaiona, bajeti haijapatikana, na projé yenyewe, kwa lugha ya kiutawala, bado haijaanza kuwepo. (Kicheko kinapita uwanja mzima.) Antene ya kisasa, oyee! (Mtu mmoja: "Oyee.") Lushebere bila kelele, oyee! (Waya unapanda juu ya mwavokado. Nicole anawasha mashine ya fonie. Mkwaruzo, mkwaruzo mkali. Halafu sauti: "Lushebere, Lushebere, huku Pinga. Mama, uko? Nimezala, mama. Mutoto mwanamuke. Tuko bazima sisi bote." Uwanja unanyamaza kabisa.)

Nawashukuru kwa ukimya huu mkubwa mnaoipatia hotuba yangu, na kama mnavyosikia wenyewe, evaluasyo ya komite imezaa matunda, jambo ambalo katika awamu ya pili litatuwezesha...

("Papa Prezida," anasema Mama Drocella, machozi yakimtiririka, sikio limegandishwa kwenye redio, "punguza makelele kidogo. Mutoto iko nalia. Nataka nimusikie.")

(Mheshimiwa Prezida anakaa.)