Ombi la Kuzuia Watu Kuisifu Chaufa ya Don Siu

Wilfredo Changanaquí Loza,
Mpima Ardhi Mstaafu,
Nyuma ya Soko Kuu, Huacho.

Ndugu Mhariri,

YAHUSU: MAONI YA WATEJA NA MADHARA YALIYONIPATA

Kwanza nakutakia afya njema wewe na wote unaofanya nao kazi, pamoja na yule fundi mitambo wenu ambaye nasikia mguu umeanza kupona. Mimi ni mzima, ila nina njaa, na njaa hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Naomba gazeti lako litangaze, ukurasa wa mbele, kwa herufi nene, kwamba chakula cha chifa ya Don Rogelio Siu, ule mkahawa wa Kichina jirani na kituo cha zimamoto, ni kibaya. Najua si kibaya. Nakusihi unisikilize hadi mwisho kabla hujaikunja karatasi hii.

1. Kwa miaka kumi na tisa, tangu nilipoacha kupima mashamba ya watu huko milimani nikahamia mjini, nimekula kwa Don Siu kila Alhamisi saa saba mchana. Meza yangu ni ile ya karibu na mlango wa jikoni, ambapo mvuke wa tangawizi hukupiga usoni kila mlango unapofunguka. Meza zilikuwa nane, wateja hatukuzidi kumi na wawili, na kila mtu alikijua kikohozi cha mwenzake. Don Siu hupika wala haongei. Ukimsalimu, anainua mwiko. Mhudumu ni mmoja tu, Bi Hermelinda Bazalar, mwanamke mwenye ulimi wa kukwangulia sufuria. Hajawahi kuniuliza nataka nini. Husema, "Injinia, kaa. Na hilo shati umelivaa tena?" Kisha huleta supu ya wantani, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, na baada yake chaufa, yaani wali uliokaangwa kwenye karai kwa mayai, vitunguu majani na nyama ya nguruwe ya kuchoma. Mimi ni mgane, Ndugu Mhariri. Kukaripiwa mara moja kwa wiki si jambo dogo kwa mtu ambaye nyumbani hana wa kumwambia kwamba shati limechakaa.

2. Mwezi wa Machi akapita daktari wa meno kutoka Lima, aliyekuwa akitafuta tu mahali pa kugeuzia gari. Akala. Kisha akaandika maoni yake kwenye simu, mahali ambapo dunia nzima inasoma: nyota tano, na maneno haya, "Chaufa hii imenifanya nimsamehe shemeji yangu."

Alhamisi iliyofuata nilikuta foleni imepita kituo cha zimamoto. Kila mwenye ugomvi katika bonde letu alikuwa amemleta mgomvi wake. Meza yangu ilikaliwa na ndugu wawili kutoka Végueta waliokuwa hawasemezani kwa miaka kumi na mmoja kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mpaka huo niliupima mimi, na niliupima sawasawa! Nikawaona wanalia, wanalishana nguruwe, na mmoja anasema, "Kaka, zichukue tu hizo mita mbili." Mita mbili nilizozitafuta siku tatu juani! Mimi nilikula nimesimama, sahani juu ya kreti la chupa. Bi Hermelinda alinipita mara sita bila kunitukana hata mara moja.

3. Nikaona kwamba maoni mazuri dawa yake ni maoni mabaya. Nikajifunza simu, nikajipa majina ambayo leo nayataja kwa unyofu: Mama Mwenye Uchungu, Mpenda Usafi, na Askari Mstaafu.

Mama Mwenye Uchungu aliandika kwamba sahani ni kubwa mno, hata wanaume wawili hawaimalizi. Jumamosi zikaja timu mbili za mpira na basi lao.

Mpenda Usafi aliandika kwamba kuna paka analala juu ya kaunta. Shule nzima ya msingi ikaja kumpiga picha. Paka yule, ambaye miaka yote alikuwa paka tu, sasa ana jina na utepe shingoni.

Askari Mstaafu aliandika kwamba mhudumu hana adabu, kwamba alimwambia anyamaze ale kabla wali haujapoa. Hili ndilo lililoniumiza zaidi. Watu walisafiri kutoka Barranca ili watukanwe. Nilimsikia karani mmoja wa mahakama, mtu mzima na tai shingoni, akibembeleza: "Mama, na mimi niambie kitu."

"Nikwambie nini? Kanyoe hizo ndevu, zinaogelea kwenye supu."

Yule karani alipiga makofi. Karipio ambalo nililitumikia miaka kumi na tisa, sasa anapewa kila anayeingia.

4. Nikaiandikia manispaa. Wakamtuma mkaguzi wa afya, mtu mwembamba mwenye faili. Akakagua jiko, akakagua friji, akakagua supu, akakagua chaufa, akaomba kuikagua chaufa mara ya pili. Ripoti yake ilisema mahali pale panahitaji ukaguzi wa kudumu. Tangu siku hiyo hukagua kila siku, saa saba kamili, akiwa ameketi kwenye meza yangu. Amenenepa.

5. Hapa naandika kwa aibu, na naomba usisome kwa sauti.

Jumatatu iliyopita niliandika maoni mengine, nikasaini Mteja wa Zamani: "Chaufa ya Siu mtoto haijaifikia ya Siu baba." Niliona ni maneno madogo kuliko yote niliyowahi kuandika.

Jumanne chifa haikufunguliwa. Jumatano haikufunguliwa. Alhamisi watu walisimama barabarani wakinusa hewa, na habari zikaja kwamba kule Végueta zile mita mbili zimedaiwa tena. Nikazunguka mlango wa nyuma. Don Siu alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele, aproni magotini, karai baridi mbele yake. Bi Hermelinda alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Injinia," akasema Don Siu, na hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kunitamkia, "habari za paka sikujali. Sahani kubwa sikujali. Lakini huyu anasema kweli. Kila nikikaanga, namwona baba yuko nyuma yangu, anatikisa kichwa."

"Usimsikilize," nikasema. "Watu husema tu."

"Huyu si wa kusema tu. Huyu alikula kwa baba."

Bi Hermelinda akanitazama kama anavyotazama sahani ambayo haikuoshwa vizuri.

"Injinia, mbona unatokwa jasho? Jiko limezimwa."

"Nimetembea haraka, bibi."

"Wewe? Haraka? Hebu nisikilize. Huyu Mteja wa Zamani ameandika mstari mmoja, kisha chini yake ameweka tarehe, saa, na mji, kama ramani ya shamba. Hapa Huacho ni nani anayetia tarehe na saa chini ya tusi?"

Nikajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Ulianza kula hapa lini?"

"Miaka kumi na tisa sasa."

"Na mzee Siu tulimzika lini?"

Don Siu alijibu mwenyewe, polepole, akihesabu kwa vidole. "Ishirini na mitatu."

Katika maisha yangu sijawahi kukosea vipimo vya ardhi, Ndugu Mhariri. Nilikosea vya kaburi.

"Hukuwahi kula chakula cha baba," akasema Don Siu.

"Sikuwahi. Hata harufu yake siijui."

"Sasa kwa nini?"

"Meza yangu," nikasema.

Nilingoja mwiko unishukie kichwani. Badala yake Don Siu alivaa aproni, akawasha jiko, akavunja mayai. Karai likanguruma. Nilimwona akigeuka mara moja kutazama nyuma yake, kisha akatikisa mabega na kuendelea kukaanga. Akanipa sahani, nikaila nimekaa juu ya lile gunia alilokuwa amekalia yeye.

"Ukimaliza, andika tena," akasema. "Kwa jina lako."

"Na yule Askari Mstaafu wako akome kuniita mhudumu huko kwenye simu, kama vile hunijui," akasema Bi Hermelinda. "Mnafiki mkubwa we! Halafu hilo shati limekosa kifungo, umekaa nalo hivyo mbele za watu."

Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi.

6. Kwa hiyo natoa maoni yangu kwa jina langu kamili: chaufa ya Don Rogelio Siu ni tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kula, milimani au pwani. Ya baba yake siijui, na anayedai kuijua aulizwe umri.

Na hapo ndipo lilipo kosa. Isingekuwa tamu, watu wasingekuja. Wasingekuja, ningeketi. Ningeketi, nisingesema uongo. Nisingesema uongo, mtu mwema asingekaa siku tatu juu ya gunia la mchele akimwogopa marehemu baba yake. Utaona kwamba mimi katika mlolongo huu nimehusika kidogo sana, na mkosaji halisi ni yule aliyesifu.

Naomba basi, pamoja na tangazo nililotaja hapo juu, gazeti lako liunge mkono mapendekezo yafuatayo. Sifa za chifa zitamkwe ndani ya chifa tu, kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa umejaa. Mtu yeyote asiruhusiwe kutoa nyota kabla ya kula hapo miaka kumi mfululizo. Na yule daktari wa meno aitwe hadharani, aamriwe kugombana na shemeji yake upya.

Nikiamini utalitazama jambo hili kwa uzito wake, naweka kalamu chini. Nisalimie nyumbani kwako, wapiga chapa, dereva wa gari la magazeti, na dada wa mapokezi ambaye hunijibu kwa heshima kila nikileta malalamiko.

Wako katika haki na vipimo sahihi,

Wilfredo Changanaquí Loza

N.B. Jumapili. Barua hii imekaa mfukoni siku kumi, na sasa nakuomba sana usiichapishe. Mambo yamebadilika. Macho ya Don Siu hayawezi maandishi ya simu, kwa hiyo kila alasiri, wateja wa mchana wakishaondoka, huniita nimsomee maoni. Tunakaa watatu, meza yoyote iliyo wazi. Mimi nasoma, yeye anasema, "Rudia hapo", Bi Hermelinda anambishia kila aliyeandika, hata anayemsifu. Juzi tulisoma arobaini mpaka chai ikapoa. Leo yalikuwa mawili tu, na moja ni la mtu aliyekosea mahali, anasifu viatu. Tuliyasoma, na chai ilikuwa bado ya moto.

Hali hii haivumiliki. Tafadhali, badala ya yote niliyoandika hapo juu, tangaza ukurasa wa mbele kwamba chifa ya Don Siu iko wazi kila siku kuanzia saa sita mchana, kwamba watu waje, walete jamaa zao, wale, na waandike. Waandike marefu. Bi Hermelinda anasema mwenye maoni mabaya naye aandike, tena aweke na jina lake, yeye majibu anayo.