Pua Niliyomchagulia Injinia

Jumatatu, tarehe 4

Mwanangu wa kwanza amekamatwa, na aliyemkamata si mtu, ni kamera. Hujambo daftari langu. Nisamehe, leo salamu zimekuja nyuma.

Nianze vizuri. Mwanangu ni fundi wa friji. Mimi husema Injinia wa Baridi, na kwa kuwa nimesema bila kuchoka, sasa mtaa mzima unamwita Injinia. Asubuhi alikuwa kazini kwake, kwenye lile duka kubwa, anatengeneza friza ya aiskrimu. Kichwa ndani, miguu nje. Wakaja askari wawili wakamvuta kwa miguu. Wanasema wiki mbili zilizopita kamera ya duka ilimwona mtu akiiba simu tatu kaunta. Kompyuta ya polisi ikapekua picha za vitambulisho vya wote wanaofanya kazi mle, ikasema mwizi ni yeye. Huyu huyu aliyeazima kifutio darasa la pili, akakirudisha darasa la saba.

Na Jumapili wazazi wa mchumba wake wanakuja! Ndiyo mara yao ya kwanza kumwona. Wameona picha tu, niliyowapelekea mimi, nakala ya ile kubwa iliyo ukutani sebuleni kwangu. Mama wa binti alinipigia simu kunipongeza. Nilipokea pongezi zote.

Baba yake alitazama ukutani, akasema: ile picha. Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.

Mpango: Mama Mapacha wa nyumba ya pili asijue. Amezaa pacha, na haipiti wiki bila kunikumbusha kwamba wengine tulizaa mmoja mmoja. Nimemwambia Injinia amekwenda semina. Akauliza semina ya nini. Nikasema ya baridi, ya kimataifa. Akasema haya. Ile "haya" yake siipendi.

Jumanne, tarehe 5

Nimekwenda kituoni na mkoba wa ushahidi. Vyeti vyote kuanzia chekechea. Albamu mbili. Barua ya mwalimu mkuu inayosema ni mtoto msikivu. Kaunta yupo Sajini, mwanamke mwenye miwani ya kamba shingoni. Nilimwamkia shikamoo ingawa ningeweza kumzaa. Shida haina umri. Alivumilia mpaka cheti cha kuogelea, kisha akaniambia kwa upole: mama, mashine imempa tisini na saba kwa mia.

Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba sishangai, hesabu amekuwa akipata tisini na kitu tangu utoto, anafuata upande wangu.

Sajini akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Pengine hakunisikia, maana akageuza kompyuta yake nione kijana kwenye kioo. Jamani, kijana! Pua imenyooka kama rula, taya la mtu wa kutoa amri. Nikasema kwa sauti, na waliokuwa kwenye benchi wakasikia: ndiye huyo, ndiye mwanangu, hapo ametoka vizuri kweli, nami nina kama hiyo sebuleni. Sajini akaandika. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema anaandika kwamba mama mzazi amemtambua mwanawe katika picha ya mwizi.

Nikamwambia afute. Akasema kalamu ya serikali haifuti.

Nilikwenda kumtoa mtoto, nikamfunga zaidi. Jioni nilimwambia baba yake kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri, ila bado yanaendelea.

Jumatano, tarehe 6

Nimepeleka chakula. Injinia hajambo. Siku ya tatu tu mahabusu na ameshatengeneza friji ya askari, iliyokuwa imekufa tangu mwaka jana. Sasa wanampa maji ya baridi kabla ya mkuu wa kituo. Mwanangu hata akifungwa anapanda cheo.

Lakini akaniambia: Mama, wamenionyesha huyo mtu. Hana kovu. Na ile pua si yangu. Kisha akaniangalia, akaniuliza picha niliyopeleka ofisi ya duka, ya kitambulisho, ilikuwa ile aliyonipa kwenye bahasha?

Nikamjibu kwamba bahasha ilifika. Si uongo. Bahasha ilifika.

Daftari, wewe utajua, mwingine asijue. Injinia ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Alikuwa na miaka miwili. Nilikuwa namalizia gauni la mtu, nikamwambia ngoja kidogo mama anamaliza, na yeye hakungoja. Akaangukia chuma cha cherehani. Gauni lilikuwa zuri, walilisifu wote. Mimi nikilitazama kovu lile nausikia ule mlio mpaka leo. Kwa hiyo mwaka huu alipopata mchumba, nilikwenda studio na picha yake, nikamwambia mpiga picha alitoe kovu. Akalitoa kwa kompyuta, dakika moja tu. Nikaona kumbe ni rahisi. Nikamwambia arudishe na masikio nyuma kidogo. Kisha nikaona ukutani kwake picha ya kijana mmoja, nikasema: na hiyo pua, si unaweza kumpa? Na taya pia, tukiwa hapo hapo.

Akampa. Nikachukua kubwa ya sebuleni, ndogo za wakwe, na ndogo nyingine nikaitia kwenye bahasha ya kitambulisho, badala ya ile aliyonipa. Mtoto anapoingia kazini watu wamwone vizuri. Kosa langu liko wapi?

Kwenda kusema haya mbele ya Sajini, siwezi. Wakwe watajua. Mama Mapacha atajua. Lakini mtoto hawezi kulala pale mpaka Jumapili. Nimepata njia: barua isiyo na jina. Nimeandika: "Mwizi si Injinia. Tazameni picha hii ya kweli, ina kovu. Kompyuta ilipewa picha iliyorembwa. Aliyeirembesha msimtafute, ana sababu zake. Ni mimi, Raia Mwema Asiye Mama Yake." Nikaiambatanisha na picha yake ya mwanzo, niliyokuwa nimeificha kwenye kopo la vifungo. Nikaipenyeza chini ya mlango wa kituo na kutembea haraka bila kukimbia, kama watu wasio na hatia wanavyotembea.

Alhamisi, tarehe 7

Barua niliiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya mteja. Mteja ni Mama Mapacha. Jina lake limo, namba ya simu imo, kifua, kiuno na nyonga vimo.

Wamemwita kituoni yeye!

Nilipofika na chakula nikamkuta amesimama kaunta, mikono kiunoni, kile kiuno ambacho Sajini alikuwa ameshamsomea mbele ya benchi zima ili ahakikishe karatasi ni yake. Akanigeukia. Nikajua leo nitapimwa mimi. Lakini hakupiga kelele. Aliniuliza: Mama Injinia, semina inaendeleaje, huko hakuna baridi sana? Kumbe pacha mmoja ni karani wa malipo katika duka lile lile. Aliiona miguu ikivutwa. Mama Mapacha amejua tangu Jumatatu saa nne asubuhi na siku zote hizi ananiangalia tu ninavyohangaika.

Mchumba wa Injinia naye alikuwepo, muuguzi, bado amevaa sare. Sikuwa nimemwambia chochote. Pacha alimwambia.

Sajini akasema kwamba amechoka na familia hii, nani ameandika barua? Nikasema mwandiko unafanana na wangu, lakini si mashine yenu ndiyo iliyotufundisha kwamba kufanana si kitu? Sajini karibu acheke, akajizuia, akasema basi, bila shahidi wa kuithibitisha hiyo picha yenye kovu kijana anabaki, na kesho jalada linakwenda mahakamani.

Hapo ndipo Mama Mapacha alipoweka kiganja chake mezani. Akamwambia Sajini kwamba ile picha ya sebuleni kwangu si Injinia na haijawahi kuwa Injinia, kila mtu mtaani anajua. Pacha wake wanaiita Mgeni wa Ukutani. Wakija kwangu huipa shikamoo. Injinia mwenyewe huwa anakaa akiipa mgongo.

Nikatafuta mtu wa kumpinga, sikumwona. Nikasema. Nimesema yote, daftari. Kovu, masikio, pua, taya. Hata cherehani, ambayo hakuna aliyeiulizia. Muuguzi akanishika bega, akasema kovu lile ndilo lililomfanya amtazame Injinia mara ya pili, alitaka kujua nani alimshona vibaya hivyo. Mtoto mwema. Macho yake yanahitaji miwani.

Sajini akaipa mashine picha ya kweli. Mashine ikafikiri. Thelathini na moja kwa mia! Mwanangu hajawahi kupata alama mbovu hivyo maishani mwake, na mimi nikapiga vigelegele kituoni.

Kisha Sajini akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Hiyo pua ya ukutani studio ni ya nani?

Tukaenda sote. Mpiga picha alipoona sare ya Sajini akaniangalia mimi kama mtu aliyejua siku hii itakuja. Akasema yule kijana alileta picha yake ikuzwe iwekwe kwenye fremu ya dhahabu, fremu ikachelewa, ndiyo maana ipo ukutani tangu wakati ule. Hupita kila baada ya siku chache kuiulizia. Sajini akamwambia ampigie simu, fremu imefika.

Ijumaa, tarehe 8

Alikuja saa tatu asubuhi, mbio, na shati jipya. Alisimama akijitazama kwenye fremu muda wote askari wanamfunga pingu. Simu mbili kati ya zile tatu alikuwa nazo mfukoni. Sajini aliniruhusu nisimame mlangoni. Nimemwona kwa karibu, na lazima niseme ukweli: ile pua si nzuri hivyo. Ni taa za studio.

Injinia ametoka saa nane. Askari watatu walimsindikiza mpaka getini, mmoja anamwuliza habari za friji ya shemeji yake. Sajini ameomba radhi kwa niaba ya mashine, akasema mashine haipendelei mtu. Nikamwambia ndiyo, na wala haina mama.

Tulipofika nyumbani Injinia alisimama mbele ya picha ya sebuleni. Nilitegemea atakasirika. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akacheka kidogo zaidi, akaniuliza: Mama, sura uliyonizaa nayo ilikosa nini?

Nikampa paja la kuku. Akala, akasema kovu haliumi, Mama, halijauma tangu nikiwa na miaka miwili, wewe ndiye linakuuma. Nikampa na paja la pili, ambalo lilikuwa la baba yake.

Baba yake alipanda kiti, akaishusha ile picha, akaigeuza uso kwa ukuta.

Jumamosi, tarehe 9

Nyumba imesafishwa. Mama Mapacha ameleta viti sita na pacha wote wawili wa kusaidia. Nimemshonea gauni, na kiunoni nimeongeza nafasi ya upendo. Anamwambia kila anayepita kwamba yeye ndiye aliyemtoa Injinia. Nami ninamwambia kila anayepita kwamba mwizi amekamatwa kwa pua niliyoichagua mimi, na polisi walikuwa wamemtafuta wiki mbili bila mafanikio. Sote wawili tunasema kweli, ila yangu ni kweli zaidi.

Mimi nimejifunza, daftari. Nimejifunza sana. Huwezi kuokota pua ya mtu usiyemjua.

Ukuta wa sebule sasa una alama ya mraba mahali picha ilipokuwa, na wakwe hawawezi kuingia wakutane na mraba. Kwa hiyo asubuhi, Injinia akiwa kwa kinyozi, nilipita studio na ile picha ya kweli. Kovu nimeliacha! Mpiga picha shahidi. Nimelipunguza tu, nusu. Masikio nimerudisha nyuma kidogo sana. Na pua nimechagua nyingine, ya bwana mmoja wa makamo mwenye tai. Safari hii nimeuliza kwanza. Mpiga picha ameniapia kwamba ni mkaguzi wa shule mstaafu, hana kesi yoyote, na picha yake alishaichukua na kuondoka zake.

Picha inakuja na mpiga picha mwenyewe. Nimemwalika pia Sajini. Amesema atakuja na miwani.

Wote wanakuja kesho, Jumapili, saa nane mchana.