Jinsi Nilivyolipasha Moto Bwawa la Wakazi

Jumatatu, 12 Januari
Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Jumapili wakazi watapiga kura: bwawa letu la kuogelea, lililo chini ya jengo, lifukiwe na pawe stoo ya baiskeli. Sababu: kulipasha moto ni ghali mno. Sahihi ya Bi Raili, mwenyekiti wetu, imekandamizwa hadi karatasi imetoboka.

Bwawa lina urefu wa mita kumi. Ndilo mahali pekee hapa Kuopio, mji wa barafu kaskazini mwa Ulaya, ambapo kichwa changu hunyamaza. Tasnifu yangu imekwama sura ya pili tangu Septemba. Bila bwawa nitabaki na sauti yangu mwenyewe kutwa nzima. Siwezi.

Nina siku sita. Nimesoma kuhusu upotevu wa joto hadi kahawa imepoa. Jibu ni rahisi ajabu: maji hupoteza joto kwa juu. Basi yafunikwe.

Jumanne, 13 Januari
Duka la samani limenipa bure plastiki ya mapovu, ile ya kufungia vyombo. Mzigo mzima. Nimeunga vipande kwa utepe, nimefunika bwawa lote.

Mzee Taisto wa ghorofa ya tatu, miaka themanini na mmoja, akashuka na taulo begani. Akauliza kama bwawa linahama. Nikamweleza sayansi yake. Akasema, sawa mwalimu, lakini mimi naingilia wapi?

Sikuwa nimewafikiria waogeleaji. Nimemkatia tundu.

Jumatano, 14 Januari
Plastiki imeraruka kuanzia kwenye tundu la Mzee Taisto, vipande vikafyonzwa na pampu. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Kipasha maji nacho kikazima. Fundi hapatikani hadi wiki ijayo.

Nimemwambia Bi Raili kwamba nafanya majaribio ya kubana matumizi. Akasema majaribio hufanyiwa panya.

Maji yako nyuzi ishirini na nne na yanashuka. Wakiyakuta baridi kabla ya kura, bwawa limekwisha. Nimetembea koridoni, kwenda na kurudi, mara arobaini. Ndipo nikaona. Ukuta mmoja tu unalitenga bwawa na sauna ya wakazi, chumba cha kuogea mvuke. Humo mna jiko limejaa mawe, yanachoma, na joto lote hilo linaishia kwenye migongo ya watu.

Alhamisi, 15 Januari
Saa kumi na moja jioni ni zamu ya Bi Raili ya sauna. Ni yake kwa miaka ishirini na miwili. Watu wameoana humu jengoni, wameachana, zamu haijasogea. Jiko huwashwa mapema. Nimeingia saa kumi na nusu na ndoo ya chuma na koleo.

Ndoo sita. Mawe yalilia yalipogusa maji, yakapasuka. Maji yakapanda nusu nyuzi. Nikacheka peke yangu. Kisha yakawa meusi. Mawe yalikuwa ya zamani, yameoza kwa moto, yamegeuka unga.

Bi Raili akatoka sauna amejifunga taulo, kata ya maji mkononi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya. "Vendla. Nimemwagia jiko maji na jiko halikunijibu." Nikamwambia mawe yako kazini. Akasema amezika mume na amepasuliwa goti bila kukosa zamu hata moja, halafu wewe, binti wa vitabu, unayapika mawe yangu supu.

Ameamuru bwawa limwagwe, lisuguliwe na lijazwe upya kwa maji ya bomba. Nimesugua mwenyewe, kwa magoti.

Ijumaa, 16 Januari
Bwawa limejaa. Maji ya bomba, Januari: nyuzi sita. Nimechovya kidole cha mguu, nimekitoa kama si changu.

Nimeandika hotuba ya kurasa tisa. Nimebandika karatasi mlangoni: bwawa linapumzika.

Jumamosi, 17 Januari
Siku ya sauna kwa wote. Mawe mapya jikoni. Nimelinda mlango wa bwawa kama askari.

Mzee Taisto akatoka sauna mwekundu kama kamba aliyechemshwa, kichwa kikifuka mvuke. Nikamsihi asiingie, ni baridi. Baridi kiasi gani? Nyuzi sita, nikakiri. Akanisogeza pembeni taratibu, kama pazia, akajitosa.

Nilidhani nimemuua. Akaibuka. "Raili, hebu njoo huku! Ziwani tunafuata nini tena?"

Kumbe miaka yote hii wakitoka sauna wamekuwa wakipanda basi kwenda kujipoza kwenye tundu lililokatwa katika barafu ya ziwa, kwa sababu bwawa letu, alisema, lilikuwa vuguvugu kama supu ya jana. Bi Raili akashuka ngazi hadi shingoni bila kubadili uso. Akakaa. Kisha akatabasamu. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake.

Jumapili, 18 Januari
Kura thelathini na moja dhidi ya moja. Bwawa linabaki. Kipasha maji king'olewe na kisirudi.

Kwenye kahawa na maandazi ya iliki Bi Raili amenishukuru mbele ya wote. Amesema Vendla ametafuta njia nafuu ya kupasha moto bwawa, akatupatia iliyo nafuu kuliko zote: kutolipasha. Makofi. Hotuba sikuisoma.

Ile kura moja ya kupinga ni yangu.

Jumatatu, 19 Januari
Nimejaribu. Nimefika magotini. Kichwa hakikunyamaza, kilipiga kelele.

Lakini nimefikiri. Juu ya bwawa kuna chumba cha kukaushia nguo. Feni inapuliza hewa moto kutwa, na hewa hiyo inatoka dirishani, bure, inapasha moto theluji. Unahitajika mrija mmoja mpana na tobo dogo darini. Kona moja tu ya bwawa. Hakuna atakayejua.

Nimeshaazima drili kwa Bi Raili. Amenipa bila kuuliza ni ya nini. Anasema sasa ananiamini.