Mninga wa Babu Petero

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Siwezi kutulia! Leo afisa misitu, dada Irine, katuonyesha tunda la mninga. Katikati mbegu, kuzunguka ubawa mpana kama ukingo wa kofia. Akataja jina la kitaalamu: Pterokapasi. Nimesikia vizuri. Petero Kapasi! Babu yangu aliitwa Petero Kaposho, alichonga vinu vya mninga maisha yake yote. Wazungu walikosea kuandika tu. Mti ni wetu! Ijumaa kijiji kinachagua mwenyekiti wa kamati ya misitu. Jirani yangu Anatory naye anautaka uenyekiti huo. Ana nini yule? Babu yake alifuga mbuzi.

Jumatano, 20 Agosti

Nimezunguka kutwa. Nimefika hadi stendi ya Nyakanazi, nimewaeleza hata madereva wa malori. Mama Jovitha wa mgahawani akauliza babu alikutana wapi na hao Wazungu. Nikasema Kasulo. Kwa nini Kasulo? Sijui. Anatory alikuwepo. Kacheka hadi chai ikamtoka puani. Wivu!

Ijumaa, 22 Agosti

Balaa. Mkutanoni nilimwamkia mwenyekiti wa kijiji, mzee Juvenali. Shikamoo, marahaba. Nikatangaza: “Mininga yote mnayoiona ni ya ukoo wetu!” Anatory hakubisha. Kaniunga mkono! Akaomba basi mwenye mininga aeleze nani kaikata ile ya msituni bila kibali. Macho yote kwangu. Jasho. Nikapiga kelele kwamba huyo babu mimi hata sikumfahamu vizuri. Dada Irine kanionea huruma. Akasema jina ni la Kigiriki: pteron ni bawa, karpos ni tunda. Tunda lenye bawa. Hakuna Petero. Kicheko! Anatory kapita. Mimi, eti kwa kupotosha mkutano, nimepewa adhabu ya kumwagilia miche ya kijiji hadi mvua zianze. Mke wangu Bonifasia kauliza kama sasa nitatulia. Nimemwahidi.

Jumapili, 24 Agosti

Kitaluni, na ndoo. Dada Irine kapita, kaonyesha miche mingine. Nayo huzaa matunda yenye mabawa. Jina: Teminalia. Haraka akaongeza, akinikazia macho, kwamba ni Kilatini, maana yake mwisho, kwa kuwa majani hujikusanya kwenye ncha za vitawi. Nikaitikia kwa adabu. Lakini marehemu shangazi yangu aliitwa Telemina. Na msiba wowote, yeye ndiye aliyeongoza kulia. Telemina-lia! Kilatini gani tena hicho? Ndoo nimeitupa. Nakwenda kwa mzee Juvenali.